Mtufaa wa Baba Mkwe

Shoga, shika simu. Nimejifungia chooni. Nimeharibu, tena vibaya!

Unaujua ule mtufaa wa marehemu baba mkwe, ambao mama mkwe huuamkia kila asubuhi kama mtu? Leo nimeukata matawi yote. YOTE. Nikapandikiza vijiti vya matufaa ya aina nyingine nilivyopewa na muuza miche, nikafunga kila kidonda kwa utepe, nikajiona fundi.

Mume wangu naye kanipiga picha chini ya mti, kaitupia kwenye kundi la ukoo: "Mke wangu, daktari wa miti." Pongezi zikamiminika. Hata wifi, yule ambaye salamu yangu huipokea kwa shida, kanisifu!

Mama mkwe peke yake ndiye aliyetoka kwenda kuutazama mti wenyewe. Akashika kijiti kimoja, akakiinamia. Halafu: "Mwanangu, hivi vichipukizi vinaelekea wapi?"

Chini, shoga. CHINI! Vijiti vyote nimevipachika kichwa chini miguu juu. Hata kimoja hakitashika.

Nikangoja kilio. Hakulia. Akaniuliza tu, "Mumeo yuko wapi?" Nikasema kaenda dukani, nikakimbilia huku, kisu bado mkononi.

Sasa anagonga mlango. Taratibu. Anasema kwa sauti ya chini: "Toka na hicho kisu tuvigeuze kabla hajarudi. Hili litabaki letu sisi wawili."

Shoga. Sisi wawili, kasema.

Futa huu ujumbe. Futa sasa hivi!