Mkono Niliounyoosha Barazani

Iyula, Mbozi

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo sote, bibi yako yuko nje anaanika kahawa. Umeniuliza ni vipi madiwani wa jiji lenu huko Uingereza waliifunga maktaba ambayo chama chao wenyewe kiliijenga, zama za wazee wao.

Nami nilikuwa diwani ujanani. Siku moja mwenyekiti alisoma hoja ya kulivunja soko letu, kisha akauliza, "Wanaoafiki?" Mikono yote ikapanda. Nikaunyoosha wangu, nisionekane msaliti wa chama. Mama yangu aliuza maharage katika soko hilo.

Lilipovunjwa, nilimkuta ameketi juu ya gunia lake kando ya barabara.

"Mheshimiwa, ulinyoosha mkono upi?"

"Wa kuume, mama. Wote tulinyoosha."

"Hao wote sikuwazaa. Nilikuzaa wewe."

Usidhani madiwani wenu waliichukia maktaba. Huenda walitazamana tu, kama sisi.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila nilipomwamkia aliitikia, lakini mkono wake hakunipa tena, hata siku aliyofariki.

Ni mimi, babu yako.