Utando Wako Umechanika Katikati

Mwaka umetimia, mama, tangu ututoke ukaacha mashine yako ikiwa kazini.

Wasiokujua nao wasome: ulikuwa fundi wa maabara. Ulipima uimara wa ule utando mwembamba wa polima, jamii ya plastiki, unaokaa ndani ya seli za haidrojeni za kutengenezea umeme, ukizitenga gesi zisikutane. Utando huo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na mwisho huchoka. Kazi yako ilikuwa kuuchosha makusudi: mashine iliubana kingoni, ikaulowesha na kuukausha tena na tena mpaka uchanike. "Nalipwa kuharibu," ulikuwa ukisema, ukacheka mwenyewe kabla yetu.

Hata dukani, mfuko wa plastiki uliuvuta kwa urefu, kisha kwa upana, mpaka muuzaji akakuomba msamaha. Mapazia ya sebuleni uliyalowesha ukayaanika kabla ya kuyakata, na hadi leo yanagusa sakafu sawasawa. Baba bado anawatania wageni: "Hata mimi alinivuta kwanza ndipo akanikubali."

Na ulikuwa mpole. Kitindamimba wako alipofeli mtihani hukufoka. Ulimketisha jikoni ukamuuliza swali lako la kazini: "Umechanika katikati au kwenye kibano?" Maana utando ukichanikia pale chuma kilipoubana, kipimo hakihesabiki, chuma ndicho kilichouumiza. Ukichanika katikati, umetoa nguvu zake zote. Akakwambia kuna mwalimu anamtisha. Ulimwamini, na kesho yake ukaenda shuleni.

Utando wako wa mwisho uliendelea kulowa na kukauka mashineni bila wewe. Wenzako wa maabara walitaka kuutoa ungali mzima, watupe tuutundike ukutani. Tulishukuru, tukakataa, kwa kuwa ulichukia kipimo kisichofika mwisho. Basi tukasubiri, huku tukiogopa kimoyomoyo usije ukachanikia kwenye kibano, jasho lako likapotea bure.

Wiki iliyopita mwenzako wa zamu alipiga simu. Baba hakungoja hata salamu.

"Wapi?"

"Katikati, shemeji. Katikati kabisa."

Baba alilia, kisha akaomba chai. Tulikaa mezani tukikusimulia hadi birika likaisha, na tulikuwa na furaha, mama, tusikufiche.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, dada yako uliyekuwa ukimwita Bibi Haraka, wakwe, wajukuu, na wenzako wote wa maabara.

Kipimo chako kimehesabika. Sisi kukukumbuka hatutachoka.