Mikono ya Kushoto

Kimamba, Kilosa
14 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Tumwagile,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote. Kaka Bryson hayuko chuoni. Mahafali yake unayoyasubiri hayapo. Tafadhali usikate tiketi ya basi.

Nisamehe kuanza hivyo kabla ya kukujulia hali. Niliogopa nikianza na salamu nitaishia hapo hapo. Mguu unaendeleaje? Baridi ya Tukuyu imepungua? Sisi miili ni mizima. Mvua bado, na vumbi la Kimamba unalijua.

Unakumbuka kaka alikuja shuleni kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha Kiingereza. Nilijivunia, ingawa darasani nilijifanya simjui. Chuoni walimfundisha kutugawa vikundi ili tuzungumze. Alijaribu. Tulimtazama tu, maana ukikosea Kiingereza unachekwa mpaka nyumbani. Hata mimi, majibu nayajua yakiwa kwenye karatasi. Mdomoni yanakauka.

Siku moja kabla ya mhadhiri wake kuja kumkagua, alifunga mlango wa darasa. "Jamani, nisaidieni. Kesho nikiuliza swali, wote nyosheni mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Nitachagua wa kulia tu."

Ikapendeza kweli. Mikono ilijaa mpaka ubao hauonekani. Mhadhiri alikaa nyuma akiandika, anatabasamu. Kisha akasimama. "Mwalimu, mbona hawa umewasahau?" Akaanza kuwaita wa kushoto mmoja mmoja. Innocent akasimama, kimya. Yusrah, kimya. Wengine nao vivyo hivyo. Mhadhiri akageukia Kiswahili: "Kwani darasa hili lina mashoto wangapi?"

Tulicheka, Shangazi. Kaka peke yake hakucheka.

Nyumbani alisema amefaulu. Mama akamwombea, naye kaka akabeba begi, akaondoka kurudi chuoni.

Mwezi uliopita kwaya yetu ilialikwa Mikumi. Basi liliposimama tule, nilimwona kaka nyuma ya hoteli anamenya viazi. Mzungu mmoja alimuuliza kwa Kiingereza choo kiko wapi. Kaka alimwonyesha kwa mkono tu.

Aliponiona aliweka kisu chini. "Magdalena, usimwambie mama. Niliambiwa nirudie mazoezi. Nikarudi chuoni, wenzangu wote wananiita Mwalimu Shoto. Nilishindwa, mdogo wangu."

"Sasa utarudi lini?"

"Nenda, basi litakuacha."

Mama ameshashona sare za mahafali. Yako imekunjwa humu chumbani ninapolala, kitenge cha kijani. Kanisani wanamwita Mama Mwalimu, naye anaitika kwa sauti. Kila akiitika, mimi nafungua kitabu cha nyimbo.

Nisalimie Babu Lusekelo na Elizabeti. Mungu awafunike huko mliko, na amkumbuke kaka pale jikoni.

Nasikia ndara za mama, anakuja nijaribu gauni langu la sare. Tangu nianze kuandika, kila akipita naifunika karatasi kwa daftari la Jiografia. Sasa daftari nimeliweka sakafuni. Mlango unafunguliwa. Nitampa aisome kabla haijafika kwako, na nitampa kwa mkono wa kulia.

Mwanao akupendaye,
Magdalena