Injini Isizimwe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kuzimwa kwa kichwa cha treni ya mizigo kwenye njia ya kupishania
Shahidi: Fundi Betri, ndivyo anavyojulikana mtaani na kazini
Umri: miaka 68
Kazi: fundi mstaafu wa karakana ya treni
Makazi: nyumba ya sita, safu ya kwanza kando ya reli

Naeleza kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Dereva mliyemfungia humu hana kosa. Nimeanza na hilo kwa sababu naona afande ana haraka.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, majira ya saa 1:40 asubuhi, treni ya mizigo ilisimama mbele ya nyumba yangu kusubiri kupishana na nyingine. Kichwa kilikuwa hatua nane kutoka dirisha letu. Mabehewa yalifunga kivuko, na ndicho kivuko pekee cha gari kuingia kwetu. Injini iliachwa inawaka, kama kawaida. Vikombe vilitetemeka kabatini.

Mke wangu ana ugonjwa wa mapafu. Tulifunga madirisha, joto likamzidi. Tukafungua, moshi ukaingia. Tukafunga tena. Kufikia saa 5:20 alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Nilimpigia simu mwenye teksi, akasema, "Niko upande wa pili wa mabehewa, mzee. Nipite wapi?" Kumpitisha mgonjwa chini ya behewa sikuthubutu.

Nimeshalalamika kwa mkuu wa stesheni mara tatu mwaka huu. Kila nikienda ananionyesha karatasi ile ile, iliyobandikwa ndani ya kila kichwa: "INJINI ISIZIMWE INAPOSUBIRI. HUENDA ISIWAKE TENA." Chini yake pana sahihi yangu. Niliiandika miaka kumi na tisa iliyopita, kwa ajili ya kichwa kimoja chenye betri mbovu, kwa wiki mbili tu. Betri mpya zilipokuja sikuibandua, na nakala zake zikabandikwa katika vichwa vingine. Injini isiyozimwa haiwezi kugoma kuwaka, nami nilichoka kulaumiwa. Mke wangu alipojua alicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ila wewe, mume wangu, umeingia na mimi."

Saa 5:30 nilimfuata dereva, ambaye kazi nilimfundisha mimi. Akaniamkia, "Shikamoo, fundi." Nikajibu, "Marahaba. Zima, mama yako anakufa mle ndani." Akasema, "Ningezima, fundi, haki ya Mungu. Ikigoma kuwaka nitawaambia nini wakubwa? Na ile karatasi ni yako." Alikuwa karibu kulia.

Ubavuni mwa kichwa, kwa nje, pana kitufe chekundu cha kukata mafuta wakati wa hatari. Nilikibonyeza mimi, kwa kidole hiki. Dereva alikuwa amenipa mgongo. Kama alinipa mgongo makusudi, hilo silijui.

Injini ilizimika. Nilirudi ndani nikafungua madirisha yote. Mke wangu akauliza, "Mbona kimya? Nani kafa?" Nililia, sioni aibu kusema. Yeye akapata usingizi.

Saa 6:00 mkuu wa stesheni alifika akafoka kwamba hiyo ni hujuma. Dereva akasema, "Nimezima mimi." Nilikuwa mlangoni, nikasikia, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Hakuna aliyethubutu kujaribu kuiwasha. Walimsubiri fundi wa zamu kwa muda wa saa mbili na nusu, na kwa kuichelewesha treni muda huo ndiyo dereva anashtakiwa. Fundi alipofika aliiwasha. Iliwaka mara ya kwanza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Mtu wa kufungiwa ni mimi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa) tarehe 15, saa 3:50 asubuhi

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Nimelinganisha sahihi yake na ile iliyo kwenye karatasi iliyobanduliwa ndani ya kichwa (kielelezo namba 1), zinafanana. Shahidi aliomba apewe karatasi hiyo aandike juu yake "Imefutwa". Nimemweleza kwamba kielelezo hakiandikwi chochote, na kwamba nakala zilizo katika vichwa vingine si kazi ya polisi kuzibandua. Alipoelezwa kuwa atabaki kituoni, hakubisha. Aliomba tu jirani apigiwe simu afunge madirisha, kwa kuwa treni ya saa nne inakaribia kusimama.