Miche Iliyong'olewa Kasansa

Jumanne, Kasansa. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Sina huzuni wala furaha. Nimechoka tu.

Leo majibu ya maabara yameingia kwenye simu. Tulikuwa tumepeleka jani la kila mche wa shamba la majaribio, vinasaba vituambie ni ipi bado imebeba kitu kutoka kwa mahindi ya Mama Nyamizi, mkulima wa hapa kijijini. Mahindi yake yalikuwa mafupi, mashina mekundu, punje kiduchu. Lakini kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, lilikuwa haliyawezi. Ndiyo maana misimu yote hii tunayachanganya na mbegu ya dukani.

Yeye mwenyewe hana tena hata punje. Alikuwa akitundika mbegu jikoni juu ya moshi, na mwaka wa njaa yeye na watu wa nyumbani kwake wakaishusha wakaila. Kilichobaki ni kile kilichomo kwenye miche yetu.

Majibu yalitaja miche michache. Nikaenda kuitafuta, mstari kwa mstari. Kila nilipofika, udongo mtupu.

Mama Nyamizi alikuwa palepale, anapalilia. Tunampa kibarua kila msimu. Nikamuuliza nani kang'oa.

"Ni mimi, mwanangu. Niliona yamefanana na yale ya kwangu, nikajua yamejiotea. Nikaona aibu yachafue shamba la wataalamu."

Alisema kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Nikamweleza taratibu kwamba ndiyo hayo tuliyokuwa tunayatafuta. Akaweka jembe chini. Hakulia, wala mimi sikumlaumu. Niliona vibaya, basi.

Mche mmoja umebaki, pembeni kabisa, karibu na uzio. Upo kwenye majibu. Nikadhani ulimponyoka. Akakataa, akatazama pembeni.

"Huo niliuacha makusudi. Nilitaka nikuombe, mkishavuna."

Tumeuzungushia miiba, maana ng'ombe hupita hapo jioni. Ukitoa mbelewele, yale maua ya kileleni, tutaufunika mfuko na kuuchavusha kwa mkono, yeye akiwa mbele. Mche mmoja unaweza kutosha. Unaweza pia kukauka.

Kitaalamu, hiyo ndiyo habari ya leo. Ila nimekaa hapa nje na swali moja ambalo maabara haitalijibu: ni nani aliyemfundisha mama huyu kwamba mahindi yake ni uchafu?

Nadhani namjua. Kesho atarudi shambani kwa miguu yangu, amevaa viatu vyangu, akiitwa mtaalamu.