Farasi Niliyemweka Upande Wangu

Keza, mjukuu wangu,

Hapa Kabuga tuko salama, na ng'ombe wetu amezaa. Unauliza kama uache sataranji kwa sababu wenzako chuoni wanakucheka ukikosea. Usiache.

Mimi nilifundishwa na dereva mmoja pale Nyabugogo, tukingoja basi lake lijae. Nilijua igisoro tu, mchezo wa bao ambao kete ukizila unazipanda upande wako. Basi nilipomla farasi wake, nikamweka kwangu anipiganie. Abiria wote walicheka! Nikacheka nao, kisha nikauliza, "Sasa huyu anaenda wapi?"

"Nje, dada," akajibu dereva. "Harudi tena."

Tangu hapo sisogezi kete kabla ya kuangalia nani namwacha bila mlinzi. Jibu hilo nisingelipata kama ningenyamaza kwa aibu.

Dereva huyo ndiye babu yako. Jana nilimfunga tena.

Bibi yako