Tangi la Nne

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu asubuhi, baridi ya sweta. Jua saa tatu. Zabibu nyeusi za kilimani zimeingia, kreti 212. Tumeziponda na kuzitia tangi la nne, maganda na yote. Sukari asilimia 24, joto nyuzi 22. Nimeandika, kama ninavyoandika miaka tisa sasa.

Fundi wetu wa mvinyo kasema msaidizi wake atatangazwa mavuno yakiisha. Ni mimi au wifi. Wifi! Mke wa kaka yangu, niliyemleta mwenyewe hapa aoshe chupa.

Jumanne, 4 Machi
Joto tangu alfajiri. Wageni sita. Wifi kafumba macho, kaonja glasi tatu – hii ya kilimani, hii ya bondeni, hii ya kule tambarare kwenye mchanga. Zote kapatia. Makofi! Watu wa ghalani wanamwita Pua. Mimi ni Mama Vipimo.

Kisha akawapa historia. Watawa waliokuja na vipandikizi ndani ya magunia mabichi. Kiwanda cha serikali kilivyofungwa. Mizabibu iling'olewa yapandwe mahindi, ya kilimani ikapona kwa sababu trekta lilishindwa kukwea. Hadithi zangu hizo! Nimezikusanya kwa wazee, mmoja mmoja. Nilimwazima daftari asome, si ahutubie.

Mgeni mmoja kamwambia, dada, umesoma wewe. Wifi akacheka – eti elimu ya kuokoteza tu. Ya kuokoteza! Mgema akisifiwa... sikumalizia. Fundi alikuwa anamtazama kama chupa aliyoisahau stoo miaka ishirini.

Jumatano, 5 Machi
Mawingu. Tangi la nne linachemka vizuri, nyuzi 27. Nimesukuma maganda chini mara tatu. Mikono zambarau mpaka kwenye viwiko. Ya wifi safi, na hina juu.

Alhamisi, 6 Machi
Upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Tangi la nne nyuzi 30 – limepanda mno. Fundi kamwambia wifi afungulie maji baridi yazunguke tangi, robo saa tu, afunge. Kafungulia. Hapo hapo tajiri, mwenye kiwanda, kamwita: panda gari, tunakwenda kwa wanunuzi, ukawaonjeshe. Mimi hakuniuliza hata kama nina njaa.

Saa tisa simu. Wifi yangu wee, niangalizie bomba la tangi la nne, sikumbuki kama nimelifunga. Nikaenda. Liko wazi. Nyuzi 19, zinashuka.

Hamira ikipigwa baridi hulala, na kuiamsha ni bahati nasibu. Mvinyo hubaki nusu sukari, unaharibika. Mavuno yote ya kilimani yamo humo, matangi mengine hayana.

Nikampigia. Nimeangalia, nikasema. Akashusha pumzi. Ahsante wifi, bila wewe ningeumbuka, wewe ni zaidi ya dada. Nyuma yake watu wanacheka, glasi zinagongana.

Nikasimama na mkono juu ya bomba. Baridi tupu. Nikauondoa, bomba likiwa wazi.

Saa kumi na moja, kipimo cha mwisho. Nimeandika 27. Miaka tisa sijawahi kuandika nyuzi ambazo sikuziona! Nimefunga mlango, nimempa mlinzi ufunguo, nimekuja nyumbani. Nimepika, sikula. Nikitembea haraka ni dakika ishirini na tano mpaka kiwandani. Nimevaa viatu. Nimevua.

Ijumaa, 7 Machi
Rasharasha, anga jeupe. Wifi yuko nje na mwavuli, tuongozane kazini. Anaita – wifi, amka basi, tajiri kasema leo fundi ana neno na sisi wawili! Sauti tamu. Viatu viko pale pale nilipovivua jana, katikati ya chumba, kimoja kimelala ubavu. Usingizi ulinichukua saa kumi na dakika ishirini, alfajiri.